Maswali ya Wasomaji: Mkojo Usiozuilika, Kizazi Kinachoshuka na Maumivu ya Nyonga

Safu ya mwezi huu tumewaachia wanawake wa kanda ya kati. Ukizisoma barua zao harakaharaka utadhani zote zinaeleza ugonjwa mmoja: mkojo unatoka, huku chini kuzito, au kunauma. Sivyo. Mkojo unaotoka kwa sababu misuli imelegea hautibiwi kama ule unaotoka kwa sababu kuna tundu, na misuli iliyokaza kupita kiasi ukiipa mazoezi ya kukaza unaizidishia maumivu. Kabla hujaiga zoezi uliloliona kwenye simu ya jirani, tafuta hapa barua inayofanana na hali yako. Wanaojibu ni mtaalamu wa fiziotherapia na muuguzi mkunga.

Nina miaka 38, watoto wanne, wote nimejifungua kwa njia ya kawaida. Niko kwenye kikundi cha ngoma ya muheme. Tangu mtoto wa mwisho, nikiruka au nikipiga chafya mkojo unanichuruzika kidogo. Nikikaa tu sina shida. Rafiki yangu aliniambia niwe nakata mkojo katikati nikiwa chooni ili misuli ikaze. Nimejaribu wiki mbili, sioni tofauti. – Mama wa wanne, Chamwino

Pole mama. Rafiki yako amekupa nusu ya ukweli. Misuli ni hiyohiyo, ila chooni si mahali pa kuifanyia mazoezi. Kibofu kinapojiminya ili kimalize mkojo, wewe unakifungia mlango. Ukizoea hivyo mkojo hubaki ndani, na mkojo uliobaki ni makazi ya UTI. Kata mara moja tu ili uitambue misuli, basi.

Misuli yenyewe inaitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Ni kama kitanda cha kamba kilichowambwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimelala kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa, na katikati yake zinapita njia tatu. Ukiruka au ukipiga chafya, tumbo linasukuma chini ghafla, na kamba zile zinatakiwa zikaze na kuinuka sekunde hiyohiyo. Mimba nne zimezilegeza, kwa hiyo zinachelewa. Hazijakatika, na ndiyo maana zinafundishika.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Jizuie kama anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, kisha uvute mkazo huo kuelekea mbele kama anayezuia mkojo. Uhisi njia zinafunga na kuinuka kwenda ndani. Weka kioo kidogo utazame: ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa iingie ndani. Ikitokeza nje, basi unasukuma badala ya kuvuta. Hapo acha kabisa mpaka mtaalamu akuoneshe, maana kusukuma ndiko kunakoishusha sakafu.

Ukishaipata, kaza na ushikilie sekunde 3 huku ukiendelea kupumua, kisha legeza sekunde 6. Rudia mara 8. Pumzika dakika moja, halafu kaza na kuachia upesiupesi mara 8 nyingine. Hiyo ni duru moja, na kwa siku fanya duru 3. Kila wiki ongeza sekunde moja ya kushikilia hadi ufike 10. Wiki mbili za kwanza fanya ukiwa umelala, mbili zinazofuata ukiwa umekaa kwenye benchi gumu, kisha ukiwa umesimama, kwa kuwa mkojo haukutoki kitandani, unakutoka ukiwa wima. Na usiruke zile sekunde za kulegeza. Msuli usiolegea vizuri hauna pa kukazia.

Makosa tunayokutana nayo ni yaleyale: kubana pumzi, kukaza makalio, kukaza mapaja, na kuvuta tumbo lote ndani. Kwako tunahofia zaidi mapaja. Mpiga muheme huibana ngoma kwa mapaja, kwa hiyo yako yana nguvu na yatataka kufanya kazi isiyo yao. Weka mikono juu ya mapaja unapofanya zoezi; ukihisi yanatetemeka au yanakaribiana, punguza nguvu.

Linaloleta nafuu mapema kuliko yote ni kutangulia. Chafya ikikaribia, au kabla tu miguu haijaacha ardhi, kaza kwanza, kisha piga chafya au ruka. Fanya hivyo kila mara hadi mwili uzoee wenyewe.

Daktari Arnold Kegel wa Marekani ndiye aliyeandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, na ndiyo maana wengi huyaita "kegel". Hata yeye hakuwaachia wanawake wabahatishe: alibuni kifaa cha kupimia mbano, ili mwanamke aone kama kweli anakaza panapotakiwa. Nawe ukiyafanya miezi 3 mfululizo bila nafuu, usijilaumu, nenda ukapimwe. Idara za fiziotherapia zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ile tunayoiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Sema wazi kuwa unataka kupimwa misuli ya sakafu ya nyonga, na una haki ya kuomba mhudumu mwanamke. Mtaalamu atakuuliza maswali, atakutazama ukikohoa, na ukiridhia atapima kwa kidole chenye glovu, akiupa mbano wako alama kutoka 0 hadi 5. Kipimo hicho hakiumizi, na hapo hapo utaambiwa kama unakaza au unasukuma. Ngoma usiiache. Punguza miruko kwa wiki 6 za kwanza tu.

Mdogo wangu ana miaka 19. Alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, alipofikishwa hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Siku ya sita baada ya kujifungua mkojo ukaanza kutoka, hausimami usiku wala mchana. Sasa ni wiki ya tatu. Mguu wa kulia nao anauburuta. Upande wa mume wanasema amerogwa. Tumeambiwa tumfundishe mazoezi ya kubana. – Dada mkubwa, Bahi

Poleni sana kwa msiba, dada. Hajarogwa, na msimfundishe mazoezi sasa.

Kichwa cha mtoto kilipokwama, kilikikandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena kwa saa nyingi. Nyama iliyokandamizwa hukosa damu, hufa, na kwa kawaida hubanduka kati ya siku ya 3 na ya 10, ikiacha tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula. Ndiyo maana mkojo haukuanza siku ya kujifungua, ukasubiri siku ya sita. Tofauti na mama wa Chamwino ni hii: yule hutokwa akiruka na akikaa anakauka, mdogo wako hakauki hata akiwa usingizini. Msuli uwe na nguvu namna gani, hauzibi tundu.

Mpelekeni wiki hii, si mwisho wa mavuno. Tundu likiwa dogo na jipya, mpira wa mkojo ukiwekwa ukamwaga kibofu mfululizo kwa wiki 4 hadi 6, kingo zinaweza kushikana zenyewe bila kisu. Kila wiki inayopita inapunguza nafasi hiyo. Hospitalini wataweka maji yenye rangi ya bluu kwenye kibofu na pamba ukeni. Pamba ikitoka na rangi, tundu limethibitika. Likihitaji upasuaji, muulize daktari kuhusu rufaa. Hospitali ya CCBRT iliyopo Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na jambo la nauli mlizungumze palepale mnapoandikiwa rufaa, msisubiri kuuza mbuzi.

Wakati mnasubiri, msimpunguzie maji. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na matokeo ni mkojo mzito unaochoma ngozi na kunuka zaidi. Anywe mpaka mkojo uwe mweupe karibu kama maji. Asafishe ngozi kwa maji mara kadhaa kwa siku, aikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha apake mafuta ya mgando. Vitambaa vifuliwe na vianikwe juani, si uvunguni kwa kuona haya. Mpimeni pia damu, maana mwenye upungufu wa damu hupona polepole.

Mguu unaoburuta ni sehemu ya jeraha lilelile: mishipa ya fahamu ilikandamizwa ndani ya nyonga. Mara nyingi hurudi, ila huchukua miezi, na hatari iliyopo ni kifundo kukakamaa unyayo ukiwa umeangalia chini. Mara 3 kwa siku, mshike unyayo mkaurudishe taratibu kuelekea kwenye ugoko, mshikilie sekunde 30, mrudie mara 5. Usiku wekeni mto mgumu mwishoni mwa godoro ili unyayo usimame wima. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumpatia kifaa cha kuushikilia.

Baada ya upasuaji kwa kawaida atakaa na mpira wiki 1 hadi 2, na ajiepushe na tendo la ndoa miezi 3. Mimba nyingine ifuatiliwe kliniki tangu mwanzo, na ajifungue kwa upasuaji hospitalini. Wapo ambao tundu linafunga kabisa lakini bado wanatokwa wakikohoa. Hapo ndipo mazoezi ya barua ya kwanza yanapoingia, daktari aliyepasua akisharuhusu.

Upande wa mume wasomeeni aya ya pili ya jibu hili. Aliyekaa na uchungu siku mbili bila kufikishwa hospitali hana deni kwa mtu.

Nimeuziwa shabu na unga wa miti shamba wa kubana baada ya uzazi. Muuzaji anasema vinasaidia pia mkojo. Ni kweli? – Dada wa Makole

Si kweli. Shabu hukausha na kukunja ngozi laini ya ndani. Unachokihisi kama "kubana" ni ukavu na uvimbe. Haifiki kwenye misuli, iliyo nyuma ya ngozi hiyo. Inaacha michubuko, inawaua bakteria wazuri wanaoulinda uke, na ngozi iliyochubuka hupitisha maambukizi kwa urahisi, VVU ikiwemo. Kama umeshatumia na unahisi kuwaka au unatokwa uchafu wenye harufu, nenda kliniki na umtajie mhudumu ulichoweka. Asipojua atatibu kitu kingine.

Nina miaka 56, nimezaa saba. Nikichota maji hadi jioni nahisi uzito, na kuna kitu kama yai kinachungulia ukeni. Asubuhi hakipo. Nimeambiwa ni lazima nitolewe kizazi. – Bibi, Mpwapwa

Shikamoo bibi. Hicho ni kiungo kilichoshuka. Inaweza kuwa kizazi, au ukuta wa kibofu, au ukuta wa utumbo wa haja kubwa, na bila kupimwa hakuna anayeweza kukwambia ni kipi. Kwamba asubuhi hakipo ni habari njema. Maana yake usiku ukilala kinarudi chenyewe, na jioni kinashuka kwa uzito wa kutwa nzima.

Madaktari hukipima kwa ngazi 4. Ya kwanza kimeshuka lakini kiko ndani kabisa. Ya pili kimefika mlangoni. Ya tatu kimetoka nje. Ya nne kimetoka chote. Kwa maelezo yako inaelekea uko ya pili, au unaigusa ya tatu. Katika ngazi hizo kisu si lazima kiwe cha kwanza. Mazoezi ya barua ya kwanza, yakisimamiwa na mtaalamu kwa miezi 4 hivi, hupunguza uzito na mara nyingine hurudisha kiungo ngazi moja. Ngazi ya nne hayairudishi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Katikati ya mazoezi na upasuaji ipo pete, ambayo wahudumu huiita pesari. Ni duara la silikoni linalowekwa ukeni na kushikilia viungo juu. Huja kwa saizi: ndogo huanguka ukichuchumaa, kubwa huuma. Ikikufaa husikii kitu. Utembee, uchuchumae, ukohoe na ukojoe palepale kliniki kabla hujarudi nyumbani. Kama huwezi kuitoa na kuisafisha mwenyewe, rudi kila miezi 3 hadi 6 ikaguliwe. Pete iliyosahaulika miaka huchimba kidonda, kwa hiyo binti au mjukuu mmoja ajue kwamba unayo. Kwa umri wako ukavu wa uke ni wa kawaida, na daktari anaweza kukuandikia krimu ya homoni ya kupaka ndani ili ngozi isichubuke.

Sasa ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Hatari kubwa haiko njiani ukiwa umeibeba. Iko pale unapoinyanyua kutoka chini na unapojitua peke yako. Ahadi ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani haijafika kila kitongoji, kwa hiyo hadi ifike: beba lita 10 mara mbili, omba utwishwe na utuliwe, au dumu zipande baiskeli. Ukilazimika kunyanyua, sogea karibu na ndoo, piga goti moja, kaza sakafu ya nyonga, kisha inuka huku unatoa pumzi. Kubana pumzi wakati wa kunyanyua ni sawa na kukikandamiza kizazi kwa mkono.

Choo kigumu nacho kinakushusha, pengine kuliko maji. Mlenda, maboga, maharage na ugali wa uwele usiokobolewa vina nyuzinyuzi za kutosha, mradi unywe maji. Chooni usikamue. Choo chetu cha kuchuchumaa kinakupa mkao mzuri tayari; mwenye choo cha kukalia aweke kigoda cha sentimeta 20 hivi chini ya miguu. Na kikohozi kilichozidi wiki 2 usikisingizie vumbi la Dodoma, kapime kifua kikuu. Jioni lala chali dakika 20 ukiwa umeweka mto chini ya makalio, utaona uzito unapungua.

Usisubiri miadi kama unatokwa damu (kwa mtu aliyekoma hedhi hata tone moja ni la kuchunguzwa), kama mkojo hautoki kabisa, au kama kilichotoka kina kidonda au hakirudi.

Nina miaka 24, nimeolewa mwaka jana. Nilikeketwa nikiwa mchanga, mama anasema nilikuwa na lawalawa. Tendo la ndoa linauma sana mlangoni, mwili unajifunga wenyewe. Nafanya kegel kila siku ili kupaimarisha, maumivu yanazidi. – Binti, Dodoma mjini

Binti yetu, acha kegel leo. Kwako misuli haikulegea. Imekaza kujilinda, na kila unapoikaza unaikumbusha hofu.

Kwanza tuseme la lawalawa. Kinachoitwa lawalawa ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya ukeni, muwasho na uchafu ambao hutibika kwa usafi na dawa. Hakuna ukeketaji unaoyaponya, maana wembe hauui vijidudu, unaviongeza. Uliyofanyiwa hukuyachagua, na huko peke yako: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kumkeketa mtoto mchanga kwa siri ni kosa hilohilo.

Kabla ya zoezi lolote upimwe. Kovu linaweza kuwa na uvimbe mdogo kama gololi ndani yake, au limeufunika mlango wa uke, na hayo hushughulikiwa na daktari kwa upasuaji mdogo. Kama ni kovu gumu na misuli iliyokaza, kazi ni ya fiziotherapia, na mwanzo wake ni pumzi. Lala chali, mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Vuta pumzi puani kwa sekunde 4 mkono wa tumboni ukiinuka, na uiache sakafu ya nyonga ishuke na kufunguka. Toa pumzi kwa sekunde 6 bila kukaza chochote. Dakika 5, mara 2 kwa siku. Ukizoea, fanya ukiwa umepiga magoti na kuinama mbele, makalio yakikaribia visigino, magoti yameachana.

Baada ya wiki 2 hivi anza kugusa. Nawa mikono, kata kucha, paka kidole mafuta ya nazi masafi. Gusa kovu kwa nje tu, ulisogeze taratibu juu, chini, pembeni, dakika 3 hadi 5. Siku ambayo kugusa nje hakukushtui tena ndipo kidole kiingie hadi kiungo cha kwanza, kikae bila kusukuma, huku unapumua. Maumivu unayapa alama kutoka 0 hadi 10: yakifika 3 simama hapo, pumua, yasiposhuka toa. Kung'ang'ania alama ya 7 kunaufundisha mwili kujifunga zaidi. Mtaalamu anaweza kukupa vipanuzi vya saizi tofauti, kuanzia chembamba.

Kwa muda huo pumzikeni kuingiliana, na mumeo ayasome haya. Akijua kwamba mwili unajifunga bila wewe kuuamuru, hatadhani humtaki. Mkirudi, wewe ndiye uongoze kasi. Kumbukeni tu kwamba mafuta huipasua kondomu ya mpira, kwa hiyo anayetumia kondomu achague kilainishi cha maji. Na usiku ukikurudishia kumbukumbu au woga mzito, mwambie mhudumu. Mshauri nasaha ni sehemu ya tiba hii kama ilivyo fiziotherapia.

Nafanya kazi ofisini Mtumba. Naenda chooni hata mara 14 kwa siku, na nikiingiza ufunguo mlangoni mkojo unaweza kunitoka. Nikisafiri Dar kwa basi sinywi maji kabisa. – Mtumishi

Pima mkojo na sukari kwanza, na kama unatumia dawa za presha uliza kama ni za kukojosha. Vyote vikiwa sawa, basi kibofu chako kimezoeshwa vibaya. Kwa siku 3 andika saa unayokojoa na ujazo, ukipima kwa chupa iliyokatwa yenye alama. Kawaida ni mara 4 hadi 8 kwa siku, mililita 200 hadi 400 kila mara. Ukikuta unatoa 80 au 100, kibofu kinapiga kelele kikiwa hakijajaa.

Haja ikikujia ghafla usikimbie, kukimbia kunakitikisa. Simama au kaa, kaza na kuachia upesi mara 5 au 6, pumua, subiri wimbi lipite, ndipo uende kwa mwendo wa kawaida. Kisha sogeza muda: kama sasa huenda kila dakika 45, wiki hii iwe saa moja, wiki ijayo ongeza dakika 15, hadi ufike saa 3. Jipe wiki 9 hivi. Acha tabia ya "ngoja nikojoe tu kabla sijatoka" wakati huna haja. Punguza chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vikombe vitano ukivishusha hadi viwili utaona tofauti ndani ya wiki. Maji usiache: lita 1.5 hadi 2, na kwa joto na ukavu wa Dodoma uongeze unapotoka jasho. Safarini kunywa kidogokidogo. Kwenye choo cha stendi chuchumaa kabisa. Ukining'inia nusunusu kwa kuogopa uchafu, misuli hailegei na mkojo unabaki.

Mke wangu amejifungua kwa upasuaji, leo siku ya tisa. Mama yangu anataka kumfunga tumbo kwa kanga na kumkanda kwa maji ya moto. Mke anaogopa, nami sitaki kumvunjia mama heshima. Na je, aliyepasuliwa naye anahitaji mazoezi hayo? – Baba mpya, Kondoa

Hongereni kwa mtoto. Anayahitaji, kwa sababu mzigo ulikaa juu ya sakafu ya nyonga miezi tisa hata kama mtoto hakupita njia ya kawaida. Mpira wa mkojo ukishatoka na anakojoa vizuri, anaweza kuanza kukaza kwa upole: sekunde 2 au 3, mara 5, mara chache kwa siku, pasipo maumivu. Akitaka kuinuka kitandani ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono, asijikunje kutoka chali. Akikohoa au kucheka aushikilie mshono kwa mto mdogo. Kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto.

Maji ya moto yasiguse kidonda. Maji hulegeza kovu changa, na ngozi iliyozunguka mshono huwa imekufa ganzi, hivyo ataungua bila kusikia. Mama aelekezwe mgongo, mabega na miguu. Aukamue mtaulo, aujaribu ndani ya kifundo cha mkono wake, na ukimshtua yeye usimguse mzazi. Hivyo hujamkatalia kumhudumia mkwewe, umemwonesha tu pa kuanzia.

Kanga isiwe ya kubana kiunoni. Tumbo likikazwa sana katikati, presha haina pa kwenda ila chini, kwenye misuli ileile tunayotaka ipumzike. Kama anapenda kushikiliwa, ifungwe pana kuanzia kwenye nyonga kwenda juu, viganja viwili viweze kuingia ndani, na ivuliwe wakati wa kulala. Mshono ukiwa mwekundu, ukitoa usaha au kunuka, homa ikipanda, au damu ikilowesha pedi nzima kwa saa moja, msisubiri kukuche. Na mkojo ukianza kutoka bila kukatika, rudini hospitali siku hiyohiyo. Maji ya kuoga na ya kufulia, baba, yachote wewe hadi wiki ya sita ipite.